Klachi ya Heaika

Mume wangu Heaika hakuwa amelewa. Nalitanguliza hilo kwa sababu huu ni mwaka wa sita linasemwa dukani, linasemwa kwenye baraza ya nyumba ya sala, na linasemwa hata na watu niliowafundisha kusoma: kwamba siku tulipopoteza kundi letu la kulungu wa theluji kwenye Ziwa Guhkesjávri alikuwa amelala kando ya mashine yake na chupa mkononi. Chupa ilikuwepo. Ilikuwa ya spiriti ya kusafishia vyuma, na aliyeiona ni mtu mmoja, tena siku mbili kabla. Tangu kipaimara hadi kaburini Heaika hakuonja pombe. Kilichotokea ni hiki.

Ilikuwa katikati ya Aprili. Familia nyingine zote zilikuwa zimeshahamia pwani na kulungu wao. Upande wetu walibaki Heaika na binamu yake Jovnna, kijana wa kuweza kuwa mwanawe, kila mmoja na kundi lake. Kulungu majike wenye mimba wakishaitwa na pwani hawazuiliki. Huondoka asubuhi mapema, theluji ingali ngumu chini ya kwato, na mchungaji kazi yake ni kuwatangulia. Pale mto unapotoka ziwani, tunapopaita mdomo wa mto, barafu huoza mapema kuliko kwingine. Mwenye kundi lazima awe amesimama pale kabla yao, mashine yake inanguruma, ili wageuke wakavukie juu, kwenye upana wa ziwa.

Heaika alikuwa na miaka sitini na mitatu na nyonga iliyokuwa ikimsaliti. Kwa miguu asingefika. Bila pikipiki ya theluji hakuna wa kuwageuza, na bila kundi, alama ya kukata masikio ya kulungu wetu aliyoachiwa na baba yake ingekuwa mchoro tu kwenye karatasi. Alilijua hilo kila alipoinua kifuniko cha injini.

Na siku zile alikiinua mara nyingi. Pikipiki ilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ukiipa mafuta, injini ilinguruma kama inataka kuruka, lakini yenyewe ikajikokota kama ng'ombe mgonjwa, huku harufu ya mpira ulioungua ikipanda. Klachi ya mashine hizi ni puli mbili na mkanda kati yake. Injini ikishika kasi, puli ya mbele hujibana na kuushika mkanda, nao huivuta ya nyuma. Chini ya kifuniko Heaika alikuta vumbi jeusi limetanda kila mahali. Akauvua mkanda, akapitisha kidole gumba ubavuni mwake. Ulikuwa unang'aa kama kioo.

"Unateleza," alisema. "Hauumi tena."

Alikuwa na mkanda mpya. Akalala nao kifuani usiku kucha, maana mkanda uliokakamaa kwa baridi hupasuka ukiuvisha, na asubuhi akaufunga. Pikipiki ikaenda mpaka kwenye miti ya kwanza. Harufu ikarudi.

Basi akaingia ndani zaidi. Akazisugua nyuso za puli kwa msasa, kisha kwa kitambaa na spiriti, mpaka zikawa kavu kabisa. Alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, chupa ubavuni, Jovnna alipofika na mashine yake mpya isiyozidi majira mawili.

"Amani ya Mungu, kaka. Bado unamkanda mgongo bibi huyu?"

"Bibi huyu alikubeba wewe siku zile ulipokuwa huwezi hata kujifunga suruali."

"Alinibeba, sikatai. Akanitapikia moshi, mpaka leo nakohoa." Jovnna akanusa. "Mbona pananukia spiriti hapa?"

"Nampa tone apate nguvu."

"Na wewe je?"

"Mimi langu nimeshapata," Heaika akasema, na wote wawili wakacheka.

Huo ndio ushahidi wote. Mzaha wa mtu mwenye mikono iliyokufa ganzi, anayejaribu kuficha kwamba ana hofu. Ulibebwa hadi pwani, na ulipofika huko haukuwa mzaha tena.

Jovnna alipomaliza kucheka alikaa juu ya kiti cha pikipiki yake, akavua kofia.

"Kaka, sikiliza. Kesho naondoka. Changanya wako na wangu. Vuli tutawatenganisha."

"Ili waseme nimevushwa na mdogo wangu kama mgonjwa?"

"Watasema hata usipovuka."

"Wacha waseme. Kesho kutwa klachi hii itakuwa inauma."

Jovnna akanigeukia mimi, niliyekuwa mlangoni na birika la kahawa. "Mwalimu, mwambie basi. Anakusikiliza wewe."

Nilimjibu kwamba babake Heaika hakuwahi kuvushwa na mtu. Nilisema hivyo, nilisikika, na sina wa kumsukumia maneno hayo. Jovnna akavaa kofia yake. Hakunywa kahawa.

Asubuhi iliyofuata alipita ng'ambo na kundi lake na mashine zake zote mbili, ile mpya na ya akiba, na tukabaki peke yetu.

Heaika aliamua kung'oa klachi yote ya mbele, yaani ile puli ya mbele na vilivyomo ndani yake. Imekaa kwenye ncha ya shafti ya injini, na ncha hiyo imechongoka kama karoti. Klachi hujibana juu yake kwa nguvu ya chuma kwa chuma, hakuna kingine kinachoishika isipokuwa bolti moja katikati. Kuna kifaa cha kuing'olea, lakini chetu kilikuwa kimevunjika, naye akafanya kama baba yake alivyomfundisha. Unatoa bolti, unalijaza tundu mafuta ya kulungu yaliyoganda, yale meupe ya kwenye figo. Kisha unarudisha bolti nyingine nene na kuikaza. Mafuta hayana pa kwenda, yanasukuma, na klachi inaruka yenyewe. Iliruka kwa mlio mkubwa, na Heaika akatabasamu mara ya kwanza tangu Jumapili.

Ndani alikuta springi imechoka na bushi imelika upande mmoja. Nyuma ya kibanda kulikuwa na mzoga wa pikipiki ya aina ileile. Akakwangua theluji, akatoa springi na bushi zilizokuwa na nafuu. Alifanya kazi mezani kwangu, juu ya magazeti, akiwa amevaa miwani yangu. Jioni aliirudisha klachi mahali pake. Kabla ya kuipachika aliifuta ncha ya shafti vizuri, akaizungushia glavu yake ya ngozi mara mbili, tatu. Nilimwona. Nilidhani ni uangalifu.

Akaijaribu kabla jua halijatua. Ilienda kama siku tuliyoinunua. Alikata duara kubwa juu ya ziwa, akarudi akipiga mluzi wa wimbo wa sala, akazima injini mlangoni.

"Inauma," alisema. "Hata kamba ningeweza kuikata kwa mkanda ule."

Asubuhi majike wakaanza kutembea. Jike mkubwa mweupe alitangulia, wengine nyuma yake kwa mstari, kimya. Heaika aliwaacha wapate mwendo, kisha akazunguka mbali ili awafike mbele kwenye mdomo wa mto. Alikuwa amefika katikati ya ziwa injini ilipolia juu ghafla, kama mtu aliyekanyaga mahali pasipo na ngazi, na pikipiki ikasimama.

Akainua kifuniko. Mkanda ulikuwa mzima. Puli hazikuwa hata na joto. Akashika klachi ya mbele kwa mkono, nayo ikazunguka bure kwenye shafti, kama kofia kubwa kichwani kwa mtoto. Akafungua bolti, akaivuta, ikatoka bila ubishi. Ncha ya shafti ilikuwa imechubuka na kugeuka rangi ya bluu, na kwenye mikwaruzo palikuwa na utando mweupe. Akaunusa. Ulikuwa mafuta ya figo.

Ndipo akaitazama glavu yake. Ndiyo aliyoshikia mafuta wakati wa kujaza tundu. Ngozi ilikuwa imeyanywa, na alipofuta ncha ya shafti kwa glavu hiyo alikuwa akiipaka.

Alifuta tena, safari hii kwa shati lake. Akaipigilia klachi kwa nyundo, akakaza bolti mpaka spana ikapinda. Pikipiki ikaenda hatua thelathini, ikalia, ikasimama. Chuma kilichochubuka vile hakishiki tena. Angekuwa na mafundi kumi pale wasingemsaidia.

Kulungu walimpita kwa mbali, upande wa kushoto. Alianza kwenda kwa miguu, akipiga kelele, akipunga koti. Theluji ilikuwa imeanza kulainika, na kila hatua ya tatu mguu wenye nyonga mbovu ulizama hadi gotini. Jike mweupe alisimama mara moja akamtazama. Bila ngurumo hakuona cha kumwogopesha, naye akaendelea kuelekea mdomo wa mto, njia fupi, na wote wakamfuata.

Barafu ile haikupasuka kwa kishindo. Ilishuka polepole na wao juu yake.

Heaika alirudi nyumbani saa tisa mchana, akakaa kwenye benchi bila kuvua viatu, akanieleza yote haya kuanzia glavu. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alipomaliza nilimvua viatu.

Jovnna alirudi kutoka pwani baada ya siku nane. Alikuwa ameshasikia. Alisimama mlangoni.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "niambie mimi tu. Ulikunywa?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nakuuliza."

"Basi sema utakavyo, mdogo wangu."

Jovnna alipoondoka nilimkaripia mume wangu, jambo nisilolifanya mara nyingi. Akanijibu kwamba mlevi huombewa akasamehewa, lakini mtu aliyepaka mafuta shafti yake mwenyewe hakuna atakayempa tena kundi alichunge. Alitaka kuchunga tena. Hakuna aliyempa. Alikaa majira mawili ya baridi karibu na dirisha linalotazama ziwa, akiwa na miwani yangu na gazeti asilolisoma, kisha akafa.

Mimi nimechagua kinyume chake. Kosa lake la mikono naliandika wazi, lakini hilo la chupa halikuwa lake na halitawekwa juu ya jina letu.

Wapo wanaoniuliza walizama wangapi. Kwetu mtu haulizwi idadi ya kulungu wake wakiwa hai, na wafu wake hawahesabiwi na jirani. Idadi hiyo alikuwa nayo Heaika, na sasa ninayo mimi. Siisemi.