Siku Tulimulilia Ule Kijana wa Filme ya Upepo

Mutacheka kwanza, najua, na mimi sikatazi mutu kucheka, lakini aibu niliyopata ile siku mbele ya watu wote wa mtaa bado iko ndani yangu, na sina wa kulaumu isipokuwa hii kinywa yangu.

Siye hapa Bunia, kwa sale ya video, chumba watu wanalipa kuangalia filme, filme haitoshi kama haina mutu wa kutafsiri. Mimi njo ule mutu. Ninakaa kando ya televizyo na mikro, wazungu wanasema, mimi ninasema nyuma yao kwa Swahili (Kifaransa ninasikia, Kingereza ninabahatisha na kutia chumvi). Ile siku ya Mungu, watu wametoka kanisani, tuliweka filme ya vijana wenye kufuata dhoruba na gari ili waipige picha. Nilikuwa nimewatangazia nyumba zitaruka, ngombe zitaruka. Filme ikaanza, hakuna kitu. Kamera inatetemeka, unaona viatu vyao, unaona kiti cha gari, mutu anapiga kelele eti upepo unakuja na upepo haukuji.

“We mutafsiri, upepo iko wapi?” baba mumoja akauliza, ameshasimama kutoka.

Hapo njo nilikosea. Mwanzoni filme iliandika kwamba zile picha zilikutwa ndani ya kamera ya watu waliopotea, ni maneno ya kunogesha tu, nilijua vizuri, lakini nikasogeza mikro nikasema pole pole: “Baba, ikaa. Hii si mchezo. Hawa wote walikufa kweli.”

Akaikaa. Sale ikanyamaza, na mimi ile kimya ikanilevya, nikaongeza kwamba ule kijana wa kofia nyekundu ni mutoto mumoja tu kwa mama yake, na mama iko anamungoja, na upepo ulipokuja mwishoni (vumbi na giza, basi) ukamubeba, nikasema hata mwili hawakuukuta.

Mama Ngabu akasimama. Ni jirani yetu, alikimbia vita kutoka Djugu, na njiani siku ya kukimbia mutoto wake Ngabu akapotea. Miaka yote alikataa matanga, eti hawezi kulilia mutu ambaye hakuona mwili wake, na ile wiki tu njo alikubali: siku ya posho, Jumamosi yenye kuja, jamaa wangeikaa matanga, pasta aombe, roho yake ipumzike. Akaanzisha wimbo wa msiba. Wamama wakaupokea, wababa wakavua kofia, na mutu akaniambia nifunge kwa maombi kwa sababu mikro iko kwangu. Nikaomba. Nikamuombea muzungu wa filme mapumziko ya milele, macho nimefunga.

Kufungua macho, majina yanapita kwa televizyo na kando yake wale vijana wanacheka makosa yao ya kuigiza, na ule wa kofia nyekundu anafuta vumbi anakunywa soda. Sale ikapasuka kwa kicheko, wengine wananitukana, gunzi la muhindi likanipata kwa sikio, na mimi nikacheka pia ili nifiche uso.

Mama Ngabu hakucheka. Akanishika mukono na mikono yake mbili.

“Mutoto yangu, ule tumemulilia, kumbe iko muzima?”

“Ndiyo, mama. Iko muzima.”

“Na mwili hawakuukuta.”

Akasema asante, akaenda.

Kesho yake shemeji yake akanifuata, amekasirika, ana haki. Mama amefuta matanga, amesema atangoja. “Weye njo ulimutia hii tumaini, enda umutoe,” akaniambia. Nikaenda. Nikamukuta anafua shati ya Ngabu, ile walitaka kumupa binamu yake siku ya matanga. Uso wake ulikuwa na furaha sijawahi kuuona nayo. Akanivutia kiti, akasema ikaa, mutoto yangu, shati itakauka mbio, jua ni kali.

Siku hizi, kabla ya filme yoyote, ninatangaza kwamba wote wanaigiza na wako wazima kwao, na watu wananung’unika kwamba ninaharibu utamu. Waache wanung’unike. Kifo cha mutu sitatia chumvi tena. Lakini ile siku niliikaa kwa kile kiti mpaka shati ikakauka, na lile neno shemeji alinituma sikulisema.