Kadi ya Kijani ya Bibi

Mpaka leo nikipata kitabu kipya, kabla sijasoma hata neno moja, naingiza pua katikati ya kurasa. Wanangu hunicheka, wanasema mama ananusa kitabu kama anachagua samaki. Wacha wacheke. Ninachokitafuta humo hakipo tena: harufu ya wino mpya iliyochanganyika na maganda ya kahawa yanayochacha. Mgeni akifika kwetu Mbozi msimu wa kahawa aliziba pua, lakini sisi tuliokulia pale tulijua maana yake. Shule zimefungwa, baridi ya mwezi wa saba imeshuka, na kila nyumba ina kazi ya kuchuma. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja cha bati, kimepakana na mashine ya kumenyea kahawa. Ukifungua madirisha harufu inaingia na kukaa kwenye vitabu, ukiyafunga huoni maandishi. Kwa hiyo tuliyaacha wazi, tukajitanda vitenge na makoti, tukasoma tukitetemeka.

Msimu ninaousema ni ule wa miaka ya tisini ilipokuja pikapu imejaa maboksi ya vitabu vipya. Wakati huo Tunduma, kule mpakani, maduka yalikuwa yanafurika bidhaa za kila aina, lakini kitabu ambacho hakijakunjwa masikio bado kwetu kilikuwa kitu cha kwenda kukitazama kama bibi harusi. Mwalimu Simbeye, mstaafu aliyekuwa anaitunza maktaba ile, alivipanga pande mbili. Kushoto aliweka vya watoto, vyembamba, vya picha na herufi kubwa. Kulia vya watu wazima, vinene, na maandishi yamebanana kama siafu. Katikati akafunga kamba ya katani. Watoto tulikuwa na kadi za kijani, wakubwa wana kadi nyeupe, na mtoto akionekana upande wa kulia wa kamba alitolewa kwa sikio. Mimi nilikuwa darasa la tano, na roho yangu yote ilikuwa kulia.

Roho ya Bibi yangu, mama yake baba, ilikuwa kushoto. Hapo ndipo mambo yetu yalipoanza. Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo, na herufi kubwa alizisoma vizuri kabisa. Herufi ndogo zilimshinda. Lakini nani angethubutu kulisema hilo? Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, mkali, mwenye sauti, na Biblia aliijua kwa moyo kiasi kwamba watu waliamini anasoma chochote kile. Siku vitabu vilipofunguliwa aliona kimoja chenye mbuzi jalada zima, mbuzi aliyegoma kwenda mnadani, akasimama kukitazama kwa uchu mpaka nikaona aibu. Nje akanivuta kando. "Mke mwenzangu," akaniambia, kwa maana bibi zetu hutania wajukuu wa kike hivyo, eti sote tumeolewa na Babu, "kachukue kile cha mbuzi kwa kadi yako. Na mtu asijue." Nikamjibu hapohapo kwamba na yeye aniazimie kile kinene chenye picha ya mwanamke na sanduku. Akanitazama, akacheka, akanifinya shavu. Tukawa tumepatana.

Jamani, zile zilikuwa siku! Tulikwenda shambani na vitabu vimefungwa kwenye khanga chini ya kikapu, na jua likishapanda tulikaa katikati ya miti ya kahawa, kila mtu na chake. Mimi nilisoma habari za mwanamke aliyeachwa na mume aliyekimbilia mjini, nikalia machozi ya kweli. Bibi alisoma kwa sauti ya chini, kidole chini ya neno, na mbuzi alipomdanganya dalali Bibi alipiga paja, akacheka hadi kikohozi kikamshika. Kisha anarudi mwanzo, anaanza upya. Jumapili alibeba kile kinene kwenda nacho kanisani, kimekaa juu ya Biblia, na Mama Neema wa kwaya, ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja, alikikodolea macho njia nzima. Bibi alijua anatazamwa. Alikihamisha kutoka mkono huu kwenda huu bila sababu yoyote.

Tatizo lilikuwa kwamba vitabu vipya viligombewa sana, na Mwalimu Simbeye akaweka utaratibu. Anayerudisha kitabu kipya asimame Jumamosi mbele ya wanaosubiri, aeleze kidogo kinahusu nini, ili wengine wajue kama wanakitaka. Niliposikia nilipata baridi ambayo si ya mwezi wa saba. Jumamosi yetu ilipofika, njia nzima nilijaribu kumhadithia Bibi kile kinene, angalau apate cha kusema. Hakutaka. "Mwanaume kukimbilia mjini akamwacha mke, hayo nayajua bila kitabu," akasema. Nikamwomba ajifanye mgonjwa. Akaniambia mwenyekiti haugui Jumamosi. Lakini nilimshika mkono, na mkono ulikuwa na jasho.

Chumba kilijaa hadi mlangoni. Mwalimu alimwita Bibi wa kwanza, kwa heshima, akamvutia kiti ashikilie. Bibi akasimama na kile kinene kifuani. Nje mashine ilikuwa inasaga na kutema maganda. Akafungua kitabu, akakifunga. Mama Neema akajikohoza. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Bibi akanitazama, kisha akakiweka kitabu mezani na kusema, "Palikuwa na mbuzi mmoja, mjanja kuliko mwenye mbuzi."

Weee! Alimsimulia mbuzi yule kama mtoto wake wa kumzaa. Alilia kama mbuzi, akatembea kama dalali mwenye tumbo, akapandisha bei na kuishusha, na watu wazima wenye madevu walicheka wakifuta machozi. Ndipo Mama Neema akasema kwa sauti, "Mbona hicho ni kitabu cha watoto, mama mwenyekiti?" Kicheko kikakatika. Bibi akamgeukia. "Ndiyo, ni cha watoto. Na ni changu mimi. Herufi ndogo zinanikimbia, kubwa tunaelewana. Hiki kinene kakisoma mke mwenzangu yule pale, na amekilia." Akaninyooshea kidole. Nikajua kadi yangu imekwenda.

Mwalimu Simbeye alinigeukia. "Umekisoma chote?" Nikasema ndiyo, Mwalimu. "Haya, simama, simulia." Nikasimulia mpaka mwisho, kwenye sanduku lile la jaladani. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaomba kadi zetu zote mbili. Akazitazama, akatabasamu, halafu akampa Bibi ile ya kijani na mimi akanipa ile nyeupe. Bibi akaibusu kadi yake mbele ya watu wote. Na tulipokuwa tunatoka, Mama Neema alimsogelea taratibu, akanong'ona, "Samahani, dada. Kile cha mbuzi kimesharudishwa?"

Sasa naishi Tunduma, nauza vitenge karibu na barabara ya malori, na simu yangu ina maandishi mengi kuliko maktaba ile nzima. Wanangu hawajui foleni ya kitabu, na sitasema wamepungukiwa. Wana raha zao, wanasoma wanachotaka, hakuna kamba. Ila sijawahi kuwaona wakifurahia kitu kama Bibi alivyofurahia mbuzi wake. Kadi nyeupe ninayo mpaka leo. Bibi tulimzika na ya kijani, aliiomba mwenyewe. Siku hizi herufi ndogo zimeanza kunikimbia na mimi, na kama angekuwepo ningemwomba tubadilishane tena.

Juzi kijana anayetembeza vitabu alipita kibandani kwangu. Nikachagua kimoja chembamba, chenye picha ya kuku kavaa kofia, nikanusa katikati. Kijana akaniuliza, "Mtoto yuko darasa la ngapi, mama?"

"Ni changu mimi," nikamwambia.