Mama wa Ndengu Aliyekaa Kwenye Rangi Mbichi

Haya niliyaona kwa macho yangu, asubuhi, nikiwa nimeshakunywa chai. Nataja chai kwa sababu huku kwetu ukisimulia jambo kama hili, swali la kwanza ni ulikuwa umekunywa nini.

Mji wetu ni mdogo, uko mbele kidogo ya Kanyakine. Ulianza kabla ya barabara, pale wanawake wa juu wenye viazi na ndizi walipokutana na wanawake wa chini, kule kwenye joto, wenye ndengu na mtama. Wa juu walikaa upande wa mlima, wa chini upande wa pili, wakitazamana. Mama yangu ni wa juu, anauza viazi.

Mimi ndimi karani niliyechora soko jipya. Nikajiona mjanja: meza zote nikazigeuza zitazame barabara, wenye magari waone bidhaa. Wa juu mstari wa mbele, wa chini nyuma yao. Mama alinifokea eti nimewapa watu migongo. Nikamwambia atazoea. Nani angemsikiliza muuza viazi, nami nina diploma?

Siku moja ya soko nilifika mapema kupaka meza rangi ya kijani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Nilimaliza ya mwisho, nikageuka kufunga mkebe, na niliporudisha macho mama mmoja alikuwa ameketi juu ya meza hiyo.

"Mama, utachafuka!"

"Sichafuki," akasema kwa upole, kwa lafudhi ya watu wa chini. "Wewe ni mtoto wa muuza viazi. Mwambie mama yako nilikuja nikiwa mgonjwa, siku tatu za soko. Nilikaa nyuma yake, hakuniona. Simlaumu. Lakini zamani nikikosa siku moja tu, alishuka kunitafuta."

Niliinama kuchukua kitambaa nimfute rangi. Kuinuka, hayupo. Ile rangi ilikuwa mbichi, laini, haina alama hata ya kidole. Niamini, sikuogopa. Niliona aibu.

Nilipomweleza mama, alikishusha kiazi alichoshika.

"Huyo ni Mama Kagendo, yule wa ndengu. Woi! Na mimi nilifikiri amehamia soko lingine!"

Tulishuka kwao siku hiyo hiyo. Binti yake alitupeleka kaburini, udongo ukiwa bado mwekundu. Alikuwa amezikwa wiki moja kabla. Habari za msiba zilikuwa zimeishia mstari wa nyuma. Mama aliketi chini akalia, akimwomba msamaha, na kosa lilikuwa langu.

Tulipofika nyumbani hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, "Kesho ugeuze hizo meza." Nikazigeuza, ingawa bosi wangu alipiga kelele mwezi mzima.

Sasa wanatazamana tena. Juzi muuza nyanya alikosekana, na kabla ya saa nne watu wawili walikuwa mlangoni kwake, wakamkuta na homa kali.

Nawe ukipewa kazi ya kupanga mji wa watu, waulize kwanza wamezoea kumwona nani. Na ukija sokoni kwetu, usiweke mzigo wako kwenye meza iliyo mbele ya mama yangu, hata ikikaa tupu siku nzima. Atakuambia kwa adabu kwamba pana mwenyewe, kisha atakutazama mpaka uuondoe.