Mfarishi wa Seremala

Seremala alipopoteza macho, vidole vyake havikustaafu. Vilipapasa kingo za meza na miguu ya viti, vikitafuta kasoro. Na mwenyewe hakuwa mtu wa kusifu. Tangu amwoe Bi Taratibu, hakuwahi kumwambia kuwa kazi yake ni nzuri. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," ndivyo alivyojitetea, na mkewe alishazoea kununa kimyakimya.

Sasa mzee alisikia baridi kila akikaa dirishani. Bi Taratibu akaamua kumshonea mfarishi wa kujifunika: juu viraka vya mashati yake ya kazi, katikati pamba, chini kitambaa cha manyoya laini, ili mikono ipate pa kutembea. Moyoni alikuwa na lake: safari hii atasifiwa, mzee apende asipende.

Wifi yake, dada wa seremala, mwenye duka la ushonaji, alicheka.

"Wifi, kicherehani chako hicho ni cha kupinda mapazia. Manyoya yanateleza kama sabuni. Niletee mimi."

"Nitashona mwenyewe."

Mstari wa kwanza ukamuumbua. Juu kulinyooka, chini manyoya yakajikunja. Wifi akageuza, akatazama. "Acha tu. Manyoya yanaficha. Nani ataona?"

Ni kweli, hakuna ambaye angeona. Lakini mfarishi ule haukushonwa kwa ajili ya macho. Bi Taratibu akafumua mstari wote, akaupiga bandi kwa mkono, mishono mipana ya kushikilia manyoya yasiteleze, akaongeza urefu wa mshono, akaanza upya polepole, akisimama kila mara kupangusa vumbi la manyoya chini ya sindano. Lilimjaa hadi kwenye nyusi.

Alipomaliza akamfunika mzee mapajani, akasimama pembeni roho mkononi. Wifi naye alikuwepo. Vidole vikafuata kila mstari kwenye manyoya, pindo hadi pindo. Kisha mzee akageuza upande wa mashati. Vidole vikasimama.

"Hapa palifumuliwa. Vitundu vya sindano bado vipo."

"Palijikunja kwa chini," mkewe akasema. "Nikarudia."

"Kwa chini, ambako hakuonekani?"

"Wewe ungepaona."

Mzee akaacha kiganja palepale. Halafu akamwita dada yake aje ashike.

"Huyu mgema wangu msifuni tu," akasema. "Tembo lake halitii maji."