Tulivyomtafuta Rais Kwenye Kituo cha Maziwa

Uchaguzi ule ulimgharimu baba yangu chai ya maziwa kwa wiki nzima, na hesabu hiyo nimeirudia nisije nikamwonea mama. Kule kwetu Tetu miaka ya tisini, asubuhi zetu zilinuka maziwa: yale mabichi yaliyotoa mvuke ndani ya mikebe, na yale ya jana yaliyochacha kwa sababu lori la kukusanya maziwa lilijaa likaenda zake. Uchaguzi mkuu ulikuwa karibu, na watu wazima, wakisubiri lori huku baridi ya mlima ikiwauma masikio, walijipasha moto kwa kumpika rais wao. Mmoja alimtaka tajiri, eti aliyeshiba haibi. Mwenzake akamcheka: "Wewe umeona ng'ombe gani ikikataa majani ati jana ilishiba?" Wengine walitaka mcha Mungu, msomi, mtu mwenye mke mpole. Mama alisema, "Mimi mnipe tu mwenye hataanza na mkebe yake." Wote wakamgeukia Mzee Gachanja, jirani yetu, ambaye mikebe yake ilikuwa mbele siku zote. "Na wewe Mama Wanjiru," akajibu, "ukipewa ikulu utaanza na ya nani?"

Asubuhi iliyofuata lori liliacha tena maziwa yetu, na maziwa hayo ndiyo yaliyonilipia shule. Mama akapaza sauti: tuchague mtu wa kupanga mikebe, aliyefika kwanza atangulie. Akajitokeza yeye, akajitokeza Gachanja. Kesho yake tulipiga kura kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe. Mwalimu Wafula, aliyetoka magharibi kuja kufundisha kwetu, akapewa kazi ya kuhesabu kwa kuwa hakuwa na ng'ombe. Ndipo baba, akiwa ameshika mkebe wetu, akatembea polepole akasimama nyuma ya Gachanja.

"Baba Wanjiru, umepotea njia?" mama akauliza.

"Sijapotea. Huyu aliniomba kura jana, nikamkubalia. Wewe hukuniomba."

Mwalimu akahesabu, akarudia. Mama alishindwa kwa kura moja, na sikuhitaji mwalimu kuniambia ilikuwa ya nani. Nilitazamia kilio, au angalau matusi. Mama alipangusa mkono kwenye leso, akamshika Gachanja mkono. "Haya, umeshinda. Sasa panga. Mimi niko hapa." Na kweli, mwanzoni alikuwa hapo kila alfajiri, mikono kifuani, kando ya mikebe. Siku ya kwanza Gachanja aliusogeza mkebe wake mbele, mama akakohoa, ukarudi nyuma. Nyumbani nako, baba alipewa chai ya rangi wiki nzima. Mvua za masika zilipoanza, alipanga kwa haki hata mama asipokuwapo, na maziwa yetu hayakuachwa tena.

Siku hizi naishi mjini, mtaa wa Skuta, maziwa nanunua ya pakiti, na majirani wanampika rais wao kwenye simu, viungo vikiwa vilevile: tajiri, mcha Mungu, msomi. Sijasikia yeyote akimtaka mtu anayejua kushindwa, akampa mwenzake mkono na kubaki kulinda foleni. Binti yangu atapiga kura kwa mara ya kwanza, nami nimemwambia amtafute mtu wa aina hiyo. Ameniuliza atamjuaje, maana wagombea wote huapa kwamba watakubali matokeo. Nimekwama. Wewe unayesoma, kama unajua njia ya kumtambua mapema, tafadhali nishauri sasa. Kura zikishahesabiwa, kila mtu atakuwa anajua.