Siku Nilipombeba Safari

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nimelala kifudifudi juu ya mawe ya volkeno, mdomo umejaa vumbi jeusi, na juu ya mgongo wangu ameketi kijana mrefu anayecheka. Hivyo ndivyo nilivyoanza uaskari. Nakuambia mapema usije ukafikiri bibi yako alizaliwa amevaa nishani.

Riziki, wiki nzima nimekaa kimya. Tangu useme unataka kuingia jeshini, tena si ofisini bali kikosi cha mapambano, nyumba hii ya Keshero, hapa Goma, imegeuka bunge. Baba yako amekataa. Mjomba wako anasema mwanamke akishika bunduki ng'ombe hukauka maziwa. Ng'ombe gani sijui, maana yeye anauza simu mtaani Birere. Hata vijana wa pikipiki wanaongoja wateja mbele ya duka la baba yako wameshatoa hukumu yao. Jumapili baada ya misa ukoo utaketi, na neno la mwisho litatolewa juu ya maisha yako. Basi kabla wanaume hawajasafisha koo zao, nisikilize mimi. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Sisi ni watu wa milima ya Masisi. Kule kwetu mwanamke hubeba mzigo mgongoni kwa kamba. Kamba hiyo ina sehemu pana iliyosukwa, inayokaa juu ya kipaji cha uso, na ncha zake hushuka nyuma kuushika mzigo. Nilianza na kuni nikiwa mdogo, nikaenda kwenye maharage, nikafika kwenye gunia la viazi. Siku ya soko tulipanda na kushuka vilima, mama zetu wameinama chini ya magunia, baba zetu wametangulia na fimbo na kofia, wakituhimiza tusichelewe. Hakuna aliyewahi kuuliza kama mwanamke ana nguvu. Swali hilo, mwanangu, huulizwa pale tu mzigo unapokuwa na heshima ndani yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lakini kamba nayo ina malipo yake. Ikikaa miaka juu ya mfupa laini wa mtoto, huacha bonde. Lete kidole, gusa hapa juu ya nyusi. Unalisikia? Tulipokuja Goma wasichana wa mjini walilicheka, wakatuita "kichwa ya kamba". Niliona aibu mpaka nikawa nafunga kitambaa chini kabisa, karibu na macho, nikitembea kama mwizi wa kuku.

Tulikuja mjini kwa sababu ya vita. Usiniulize vita vya nani na nani, maana kila nikijaribu kuwakumbuka maadui wale, nakuta wengine leo ni majirani zetu na wengine tumeoana nao. Tuliacha shamba, tukalala chini ya shitingi, yale maturubai ya msaada, pamoja na wakimbizi wengine, mvua ikitupiga kutoka juu na mawe kutoka chini. Nikaenda kujiandikisha jeshini kwa sababu mbili: hasira, na bere, ile kofia ya askari. Hasira kila mtu ataielewa. Bere niliipenda kwa sababu inafunika kipaji.

Kamanda wetu wa mafunzo alikuwa mtu mfupi asiyependa maneno. Wanawake tulikuwa wachache, na siku ya kwanza tu alitupanga mbele ya wengine, akasema, "Mutu akipigwa masasi, mwenzake atamubeba. Banamuke benye batashindwa kubeba, jikoni. Benye batafika kwenye drapo, mustari ya mbele pamoja na bengine. Nimemaliza."

Drapo ilikuwa bendera iliyosimikwa juu ya mwinuko. Jikoni maana yake ilikuwa kuchemsha maharage ya jeshi zima mpaka vita viishe, na vita vyetu unavijua, haviishi. Nikaapa sitakwenda jikoni.

Kila mtu alipewa wa kumbeba. Mimi nikapewa kijana wa upande wa Bukavu, mtoto wa karani, mrefu, aliyelishwa vizuri, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Jina lake Safari. Naam, huyo huyo. Nyamaza kwanza, usinikatize.

"Dada," akaniambia mbele ya watu, "unibebe polepole. Mi niko mayai!"

Nilimwinua begani kama nilivyoona wanaume wakifanya, tumbo lake shingoni kwangu, miguu yake mbele, kichwa chake nyuma. Nikaenda hatua chache, magoti yakakataa, tukaanguka. Nikamwinua tena, tukaanguka tena, na mara hii ndipo alipotua mgongoni kwangu akakaa kama mtu aliyefika nyumbani. Kikosi kizima kilicheka mpaka kamanda akageuza uso ili naye acheke. Aliporudi kuwa mkali, akasema nina nafasi moja tu iliyobaki, wiki ijayo.

Nililia, Riziki. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu niliamini wamesema kweli, kwamba mwili wangu haukuumbwa kwa kazi ile.

Katikati ya wiki nikaitwa langoni. Nilimkuta bibi yangu, mzaa mama, ameniletea viazi. Alikuwa mwanamke mdogo kama kuku wa kienyeji, na nyuma yake gunia linamzidi kimo, kamba kwenye kipaji. Alilishusha bila hata kuguna, akaniangalia magoti yaliyochubuka, akauliza nimepigana na nani. Nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja tu.

"Kamba yako iko wapi?"

"Niliiacha kule kwa shitingi, Koko. Hapa ni jeshi."

"Na nani njo alikuambia ubebe mutu sawa mwanaume? Mwanaume anabebaka na bega ju hana kamba. Weye uko nayo." Akanyoosha mkono, akanivua bere mbele ya askari wa zamu, akanigusa bonde hili kwa kidole gumba. "Hii njo diplome yako, mutoto yangu. Na unaifunika!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Askari wa zamu alijifanya anakagua mawingu. Lakini lile neno liliniingia. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nami nilikuwa nimekwenda kuutafuta utumwa kwa miguu yangu, tena nimepanga foleni. Nilitaka kuwa askari, kumbe moyoni nilikuwa najaribu kuwa mwanaume, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, ambayo hata wanaume wenyewe wengi inawashinda.

Bibi akaifungua kamba yake kwenye gunia, akanipa. Alirudi mgongo mtupu, mara ya kwanza kumwona hivyo maishani mwangu, na hakujua mikono yake aiweke wapi.

Siku ya mtihani nilivua bere nikaiweka mfukoni. Nikamwambia Safari aketi chini anipe mgongo, nikapitisha kamba chini ya mapaja yake na kuizungusha kiunoni mwake kama nifungavyo gunia, nikaiweka sehemu pana kipajini, nikainama, nikasimama naye.

"Kumbe leo mi niko kuni?" akauliza, miguu inaning'inia.

"Hapana, uko biazi. Nyamaza, biazi haisemaki."

Wakacheka. Nikatembea. Baada ya muda nikaona kicheko kinabaki nyuma, kinapungua, kikanyamaza. Njia ile ilikuwa ya kupanda, juu ya mawe makali, na mimi shingo yangu ilijua kupanda kuliko ilivyojua tambarare. Nilimpita kijana mmoja aliyemweka mwenzake chini apumue. Nikamsalimia, maana nimelelewa. Nilipofika kwenye drapo, kulikuwa na wanaume waliolalamika kwamba ile ni namna ya wanawake, haifai kuhesabiwa.

Kamanda akawatazama. "Nilisema mubebe mutu. Sikusema na bega ao na meno. Mutu amefika. Munataka nini ingine?"

Hivyo nikaingia kikosi cha mapambano. Ningeweza kukomea hapa, nawe ungekimbia kesho kujiandikisha ukiimba. Lakini anayekupa asali bila kukuonyesha nyuki hakupendi.

Vita si lelemama. Siku moja tulikuwa kwenye kilima juu ya mji wa Sake, tukashambuliwa asubuhi. Safari akapigwa risasi ya paja. Hatua chache upande mwingine akapigwa kijana wa Vitshumbi, mtoto wa wavuvi, aliyekuwa akitusimulia jinsi viboko wanavyotembea kijijini kwao kama mbuzi. Amri ikaja tushuke upesi. Wengine walikuwa wanafyatua risasi ili tupate njia. Wa kubeba nilikuwa mimi. Kamba ni moja, mgongo ni mmoja. Nikasimama katikati yao, sijui niende wapi. Yule wa Vitshumbi akaniambia, "Dada, beba ule, anaisha damu. Mi nitangojea."

Nilimfunga Safari, nikashuka naye. Hakusema mzaha hata mmoja. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Yule aliyenicheka sasa uhai wake ulining'inia kipajini mwangu, na kila nilipojikwaa alisikia kamba inavyolia. Tuliporudi kilimani, kijana wa Vitshumbi hakuwa akitungoja tena.

Hilo, mwanangu, hakuna mtihani uliolipima. Kubeba nilijua. Kuchagua nani wa kubeba hakuna aliyenifundisha, na hata sasa nikila samaki wa ziwa lao nasimama kidogo. Ukiniona nacheka sana usidanganyike. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na nikuambie nilichokiona nilipofika barabarani siku ile. Barabara ya kuja Goma ilikuwa imejaa wakimbizi. Wanawake walikuwa na magodoro, masufuria, wazee wao na watoto juu ya watoto, wote kwa kamba vipajini. Waliponiona na magwanda yangu na askari mgongoni walinipisha njia. Mama mmoja mzee, mwenye mzigo wake mwenyewe, alinyoosha mkono akaushika mguu wa Safari uliokuwa ukining'inia, akatembea nami hivyo mpaka penye gari la wagonjwa. Nikaelewa jambo ambalo mjomba wako na simu zake hajalielewa. Watu wanauliza kama mwanamke aingie vitani. Vita vilishaingia kwake zamani, vikamkuta shambani, vikamtwisha. Tofauti ya mimi na yule mama ni kwamba mimi nilipewa buti.

Safari akapona, akabaki na ule mguu wa kuchechemea. Akaja kwetu na mbuzi na wajomba zake kuposa. Bibi yangu akamtazama kuanzia kofia hadi kiatu, akamwuliza, "Umekuja kuchukua muke ao umekuja kubebwa tena?" Naye, mwenye mdomo ule ule, akajibu, "Koko, kwa haki njo nyinyi mungelipaka mahari. Mutoto yenu ndiye alinipeleka nyumbani." Wazee walicheka hadi mbuzi akakata kamba, akakimbia. Ndiyo, ndiye babu yako, huyo anayejifanya amelala chumba cha pili na masikio yamesimama. Wanawake wengine hubebwa na bwana siku ya harusi. Mimi wangu nilimbeba kabla hajanijua vizuri, na tangu hapo hajanishinda kwa hoja yoyote.

Sasa sikia nasaha zangu. Mwanamke anayetaka na anayeweza, asizuiwe kwenda mstari wa mbele; apimwe kwa kazi yenyewe, kwamba mtu amefika ama hajafika, si kwa namna anavyomshika. Asiyetaka asisukumwe, na asionekane mdogo. Wewe usiende kwa hasira, kwa sababu hasira huisha kabla ya mkataba. Usiende kwa ajili ya bere. Na usimfuate yeyote mwenye bunduki asiye na wa kumwuliza ameitumiaje. Nenda palipo na sheria, na siku utakapoamriwa kumwonea mwanamke wa barabarani mwenye mzigo kipajini, kumbuka ni mimi huyo, ukatae. Kisha ukifika huko, usijaribu kuwa mwanaume. Wanao wa kutosha. Peleka kile ulichonacho.

Jumapili baba yako atasimama na suti yake, aseme mwanamke hawezi kumbeba askari. Usibishane naye, ni baba yako, mheshimu. Mimi nitavua kitambaa changu mbele ya ukoo, nimwite aje aguse hapa ulipogusa wewe. Nitamwambia: "Mutoto yangu, hii bonde njo njia wewe ulipitia kuja duniani. Papa yako alipita hapa."

Inama sasa, weka kipaji chako kwenye changu. Mungu akupe shingo isiyovunjika na moyo usiokauka. Akupunguzie mizigo, na ile atakayokuachia ufike nayo. Kila utakayembeba afike akiwa hai, na siku utakapokuwa na kamba moja na watu wawili, Mungu mwenyewe ashuke ambebe wa pili. Amina. Nenda kamwamshe babu yako, chakula kimeiva, na asijifanye mguu unauma, leo simbebi.