Nilimwomba Kipa Wangu Abaki

Msimu ule tulikuwa na mpira mmoja, njumu jozi sita, na kipa. Ukiniuliza tulikuwa na nini kingine, sina jibu. Magoli yetu yalikuwa miti ya mkaratusi, wavu tulikuwa tunausikia redioni tu, na uwanja wenyewe pale Morotonga uliinama upande mmoja, kwa hiyo waliopangiwa mtelemko kipindi cha kwanza walishukuru Mungu na waliopangiwa mlima walianza kulalamika kabla ya filimbi. Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo. Kazi hiyo sikuiomba. Mkuu wa shule alinitazama siku moja mkutanoni, akasema, "Wewe bado kijana," basi, nikaongezewa michezo juu ya hesabu, shamba la shule na bweni la wavulana. Nilikuwa nachoka tangu Jumatatu asubuhi.

Timu zilikuwa nne: sisi, sekondari moja nyingine, na vyuo viwili, kimoja cha ualimu huko upande wa Tarime. Hao wa ualimu walikuwa watu wazima kabisa, wengine wana watoto nyumbani, wakikukanyaga unajua umekanyagwa. Tulisafiri kwa lori la ushirika, likipatikana, na dizeli ikipatikana, na dereva akipatikana. Vikipatikana vyote vitatu kwa siku moja, wanafunzi walipiga vigelegele kana kwamba tumeshashinda. Tunarudi jioni tuna vumbi hadi kwenye kope, sauti zimekauka, na kesho yake saa moja asubuhi watu wale wale wanatakiwa wawe shambani na majembe. Elimu ya kujitegemea haikujua kwamba jana tulicheza ugenini.

Kipa ndiye aliyetubeba. Alikuwa kidato cha tatu, Mkurya wa Ringwani, mrefu, mkimya darasani mpaka unasahau kama yupo. Golini alikuwa mtu mwingine. Aliwaita mabeki mura, yaani kijana kwa Kikurya, akawapigia kelele, "Mura, toka! Mura, kaba huyo!" na mabeki wakatii bila kufikiri. Mpira ukifika mikononi mwake ulikuwa umefika. Mjini Mugumu kulikuwa na fundi cherehani mmoja, Mwislamu ambaye baba yake alikuja toka pwani zamani, yeye ndiye aliyetushonea jezi za amerikani akazitia rangi mwenyewe. Hakukosa mechi hata moja ya nyumbani. Aliniambia, "Mwalimu, kijana huyu usimwachie mtu. Wengine wote hao unaweza kuwabadilisha kwa mbuzi." Tulicheka. Lakini nilikuwa najua anasema kweli, na ile kweli ilinipanda kichwani.

Mechi yetu ya ugenini kule Tarime tulifungwa goli tukiwa tumesimama. Barabarani lilipita kundi la watu wanatoka kutahiri vijana wao, wanaimba, wanaruka, wamejipaka unga usoni, na filimbi zao mdomoni. Washambuliaji wetu waliposikia filimbi walidhani ni mwamuzi. Wakasimama. Mabeki nao wakasimama. Wale wa ualimu, ambao wamezoea mambo hayo, hawakusimama. Kipa wangu peke yake ndiye aliyeruka, akaugusa kwa vidole, haukutosha. Nilimfokea mwamuzi mpaka nikaishiwa maneno ya Kiswahili nikahamia Kikurya, naye akanijibu kwa Kikurya vilevile kwamba filimbi yake yeye iko mfukoni.

Hata hivyo tuliwashinda wengine, na hesabu zikatufikisha fainali, sisi na hao hao wa ualimu, nyumbani kwetu Morotonga. Ikapangwa Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa. Wachezaji karibu wote wakabaki bwenini. Atakayeshinda angekwenda Musoma kuwakilisha. Mimi nilishajiona nashuka Musoma, ziwa lile pale mbele yangu, mtu mmoja ananiuliza hii timu nani anaifundisha.

Alhamisi ya wiki ile baba yake kipa alikuja shuleni kwa miguu kumchukua mwanawe.

Inabidi nieleze hapa, maana bila hili hakuna kitakachoeleweka. Kwetu Wakurya kijana akitahiriwa ndipo anapokuwa mtu. Kabla ya hapo ni omorisia, mtoto wa kuchunga, hata kama ana ndevu na anajua aljebra. Hali chakula na wanaume, hasemi kwenye kikao. Na hutahiriwi siku unayotaka wewe. Inchama, wale wazee wa siri wa ukoo, ndio wanaofungua kisu, na wakiona dalili mbaya wanakifunga, mwaka, miaka miwili, hata zaidi. Ukoo wa kipa wangu walikuwa wamekifunga muda mrefu. Ndiyo maana kijana mkubwa vile alikuwa bado. Sasa wamefungua, siku ni Ijumaa na Jumamosi, na waliokatwa siku hizo ni rika moja mpaka kaburini. Aliyetangulia ametangulia.

Nilimpa mzee kiti. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika. Nikamwomba aniachie kijana mpaka Jumamosi jioni, aende kisuni baadaye.

Akaegemeza fimbo yake kwenye kiti. Kisha akauliza, "Mwalimu, wewe umepita kwenye kisu?"

"Nimepita, mzee."

"Basi unajua unachoniomba."

Nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kama ningekuwa mgeni, mtu wa Kilimanjaro au wa Songea, ningesema sikujua mila za watu. Mimi mama yangu aliniimbia siku yangu mimi mwenyewe, najua ule wimbo, najua ukiikosa siku hiyo unarudi nyumbani kuwa nani. Lakini nilifungua mdomo nikasema kwamba fainali watakuja wakubwa wa mkoa, watachagua vijana, na kijana akichaguliwa nafasi yake ya masomo mbele haina wasiwasi. Hakuna mkubwa wa mkoa aliyeniahidi kuja. Nilisema tu. Nikaongeza kwamba Jumapili nitampeleka mwenyewe Ringwani, wazee hawatakataa kuongeza siku moja kwa ajili ya mwanafunzi.

Mzee alimwita mwanawe, akamwuliza mbele yangu anataka nini. Kijana alinitazama mimi, hakumtazama baba yake. Akasema, "Yeye ndiye mwalimu."

"Haya," mzee akasema. "Mimi sikusoma. Ninyi mliosoma mnajua." Akachukua fimbo yake akarudi Ringwani peke yake. Ni mwendo wa saa nyingi ule, na hakukubali hata chai.

Jumamosi saa saba mchana tulikuwa uwanjani. Watu wamejaa, fundi cherehani amekuja na kanzu ya sikukuu, kina mama wameleta machungwa. Kipa amevaa jezi, anarukaruka kati ya miti ile miwili, mimi moyo umejaa. Saa tisa, hakuna lori. Saa kumi, hakuna lori. Vijana wakaanza kukaa chini. Fundi akajaribu kutuchekesha: "Basi tugawane wenyewe kwa wenyewe, ndiyo ujamaa huo." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Saa kumi na moja alikuja mtu wa baiskeli na karatasi. Lori lililokuwa liwalete limechukuliwa kubeba pamba. Pamba haiwezi kungoja mvua, mpira unaweza. Mechi imeahirishwa hadi shule zifunguliwe.

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Kipa alikuja kando yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nikitoka sasa hivi sitawahi?" Jua lilikuwa limeshainama. Nikamwambia tutakwenda alfajiri. Aliitika, "Sawa mwalimu," akaenda kuvua jezi, akaikunja vizuri akanirudishia.

Jumapili tuliondoka kabla ya kuku kushuka. Tulipokaribia Ringwani tukaanza kusikia nyimbo, lakini ni zile za kuwapeleka waliokwisha kukatwa, unazijua kwa mwendo wake. Kwao boma zima lilikuwa na wageni. Mtoto wa baba yake mdogo, anayesoma darasa la sita, ambaye mpaka juzi alikuwa akichunga mbuzi za nyumba ile, alikuwa amekaa mlangoni kwao amejifunga shuka, wanawake wanampigia vigelegele. Aliwahi jana asubuhi. Mzee alitoka, akanisalimia kwa heshima, akasema neno moja tu: "Wamefunga." Wazee walikuwa wameona kitu, sijui nini, kwetu haiulizwi. Nilijaribu kusema. Mzee aliinua mkono. Mama yake kijana hakutoka nje kabisa.

Na fainali? Haikuchezwa. Shule zilipofunguliwa wale wa chuo walikuwa wamesambazwa vijijini kufundisha, na aliyepaswa kupanga tarehe alihamishwa. Ikafa hivyo hivyo, na mimi sikuuliza tena.

Kipa alirudi muhula uliofuata, akasimama golini kama kawaida. Ila beki wetu mmoja wa ukoo uleule, aliyeondoka shule ilipofungwa bila kungoja fainali, akakatwa, alirudi mwanaume. Mazoezi ya kwanza kipa alimpigia kelele, "Mura, kaba!" Yule akageuka katikati ya mchezo akamwambia, "Omorisia hanipigii mimi kelele." Wengine wakacheka, wengine wakaangalia chini. Nilimpa beki adhabu ya kufyeka wiki nzima. Ya nini? Kipa hakupiga kelele tena siku ile wala siku nyingine, na goli likawa linaingia kwa sababu hakuna anayeambiwa atoke.

Pasaka nikaona siwezi kukaa nalo. Nilinunua sukari kilo mbili, na sukari siku zile si mchezo, nikaenda Ringwani kumwomba mzee radhi. Alinipokea vizuri. Wakurya hatufukuzi mgeni. Akasema yaliyopita yamepita, kisu kitafunguliwa Mungu akipenda, labda mwakani, labda mwaka wa kesho kutwa. Tukakaa wanaume wanne kwenye kibanda cha mzee: yeye, mdogo wake, mimi, na yule wa darasa la sita, ambaye sasa alikuwa wa saba na aliketi kwenye kigoda amenyoosha miguu.

Chakula kikaletwa. Kipa wangu akaingia na birika na beseni, amevaa kaptula ya shule.

"Shikamoo mwalimu," akasema, akainama. Nikanawa. Akamnawisha baba yake, akamnawisha baba yake mdogo, kisha akafika kwa yule kijana ambaye juzi tu yeye ndiye aliyekuwa akimtuma kuchunga mbuzi. Kijana akanyoosha mikono huku anaongea na mzee habari za ng'ombe. Maji yakamiminika kidogo.

"Ongeza," akasema, bila kumtazama.

Kipa wangu akaongeza.